Rufaa za jinai Zanzibar: maswali kuhusu mashahidi, ushahidi na shaka

Ukurasa huu ni wa jamaa wa waliohukumiwa, na pia jamaa wa waliotendewa, kwa sababu wote wawili hutoka mahakamani na maswali yaleyale. Unahusu kesi za jinai za mahakama za kawaida. Talaka, mirathi na malezi yaliyoko kwa Kadhi yana njia yake ya rufaa, na hayamo humu.

Rufaa inaanzia wapi na inaishia wapi?

Inategemea kesi ilisikilizwa wapi. Iliyoamuliwa Mahakama ya Mkoa, kwa mfano Wete au Chake Chake, rufaa yake huenda Mahakama Kuu ya Zanzibar, ambayo kwa Unguja sasa iko Tunguu na kwa Pemba hukaa Chake Chake. Asiyeridhika hapo huenda Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Hiyo ni ya Muungano, na huja Zanzibar kwa vikao. Kesi ya kuua huanzia Mahakama Kuu kwenyewe, kwa hiyo rufaa yake ni moja tu.

Mahakama ya Rufani ni moja kwa pande zote mbili, lakini sheria inazozitumia kwa kesi zetu ni za Zanzibar: Sheria ya Ushahidi Namba 9 ya 2016, Sheria ya Adhabu Namba 6 ya 2018 na Sheria ya Mwenendo wa Jinai Namba 7 ya 2018. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wanasoma vifungu vya Bara kwenye simu, wanavinakili kwenye hati ya rufaa, kisha wanashangaa jaji anapowauliza kifungu hicho kimo katika sheria gani ya hapa.

Jee, mashahidi wataitwa tena?

Hawaitwi. Hili ndilo linalowashangaza wengi siku ya kwanza ya rufaa. Mtu amekuja na jamaa zake kutoka Micheweni, amejiandaa kumsuta shahidi aliyemtia hatiani, na shahidi hayupo. Kilichopo mezani ni makaratasi: mwenendo wa kesi (yaani maandishi ya yote yaliyosemwa mahakamani), vielelezo, hukumu, na sababu za rufaa. Majaji wanasoma, wanawasikiliza mawakili au mrufani mwenyewe, basi.

Kwa hiyo kinachopimwa ni maandishi ya kile shahidi alichokisema. Alivyobabaika, alivyokuwa akimtazama mama yake kabla ya kujibu, alivyotoa machozi, yote hayo aliyaona hakimu wa kwanza peke yake. Ndiyo maana mahakama za rufaa husema kwamba kupima mwenendo wa shahidi kizimbani ni kazi ya mahakama iliyomsikiliza, na haziingilii hovyo.

Lakini kuaminika kwa shahidi hakupimwi kwa sura tu. Mahakama ya Rufani imekwisha kusema kuwa kuna njia nyengine mbili ambazo hata asiyemuona shahidi anaziweza. Ya kwanza ni kuangalia kama maneno yake yenyewe yanashikana, mwanzo hadi mwisho. Ya pili ni kuyaweka sambamba na ushahidi wa wengine, na wa mshtakiwa akiwemo. Shahidi anaweza kuwa alizungumza kwa utulivu mkubwa, hakimu akampenda, na bado karatasi ikaonesha kuwa ukurasa wa 12 alikuwa ndani amelala na ukurasa wa 15 alikuwa barazani anaona kila kitu.

Ushahidi mpya kwenye rufaa huruhusiwa kwa nadra sana. Mtu wa kuitwa aitwe mapema, kwenye kesi ya kwanza.

Mbona Mahakama Kuu ilipitia ushahidi wote, na Mahakama ya Rufani inasema hiyo si kazi yake?

Kwa sababu rufaa ya kwanza na ya pili si kitu kimoja. Kwenye rufaa ya kwanza una haki ya kusomewa ushahidi wote upya, na mahakama ifikie uamuzi wake yenyewe, huku ikikumbuka kuwa haikuwaona mashahidi. Jaji akiandika nusu ukurasa kwamba "hakimu alikuwa sahihi" bila ya kuonesha kuwa ameupitia ushahidi, hiyo peke yake ni sababu ya kwenda mbele.

Rufaa ya pili ni ya hoja za sheria. Mahakama mbili zikishakubaliana juu ya jambo lililotokea, ya tatu hailigusi, isipokuwa iwe wazi kwamba ushahidi ulieleweka vibaya, jambo kubwa liliachwa, au kanuni ya sheria ilivunjwa na haki ikapotea. Mrufani anayekwenda rufaa ya pili na hoja ya "shahidi yule ni muongo" peke yake hafiki mbali. Akisema "mahakama zote mbili hazikuzingatia kwamba shahidi yule alimwambia sheha (kiongozi wa mtaa) hakumjua mtu," hapo wanamsikiliza.

"Bila ya shaka ya msingi" ni shaka ya kiasi gani?

Hakuna kipimo cha asilimia, na anayekupa namba anakudanganya. Mzigo wa kuthibitisha kosa kwa kiwango hicho uko kwa upande wa mashtaka tangu mwanzo hadi mwisho. Kanuni hii ilitiwa nguvu Uingereza mwaka 1935 katika shauri la Woolmington, na mahakama zetu zimeirithi. Katiba ya Zanzibar ya 1984 nayo inakataza mtu kutendewa kama mkosa kabla ya kuthibitika kosa lake.

Shaka inayomnufaisha mshtakiwa ni ile inayotokana na ushahidi wenyewe, au na pengo lililomo ndani yake, na ambayo mtu mwenye akili zake hawezi kuipita bila ya kusita. Ile ya kubuni haimo. "Labda kuna mtu anayefanana naye," kama hakuna chochote kwenye kesi kinachoashiria mtu huyo, ni maneno ya barazani. Na si lazima kila kijinafasi kizibwe. Jaji Denning alilisema hili mwaka 1947: sheria ingeshindwa kuilinda jamii kama ingekubali kila wazo la mbali kuipotosha haki.

Makosa mengi ninayoyaona katika sababu za rufaa ni kutaja "shaka" kama dua. Mtu anaandika "kesi ilikuwa na shaka nyingi" na haitaji hata moja. Andika ni shaka gani, imo katika maneno ya shahidi yupi, na kwa nini inagusa jambo lenyewe.

Shahidi mmoja anatosha kumfunga mtu?

Anatosha. Sheria ya jinai haikuweka idadi ya mashahidi. Wengi huchanganya na masharti ya ushahidi wanayoyajua kutoka chuoni, yaani madrasa, lakini mahakama hizi haziyatumii. Kila shahidi anastahili kuaminiwa mpaka iwepo sababu nzuri ya kutomuamini.

Upande wa pili wake: kama kulikuwa na mtu muhimu aliyeona, anapatikana, na upande wa mashtaka haukumleta wala haukueleza kwa nini, mahakama inaweza kudhani kwamba angekuja angeyaharibu maelezo yao.

Kesi nzima inasimama juu ya shahidi aliyemuona mtu usiku. Rufaa inaliangaliaje hilo?

Kwa jicho kali kuliko jambo jengine lolote. Hapa ndipo hukumu nyingi zinapoanguka, kwa hiyo tulitazame kwa karibu.

Tuseme ni msimu wa karafuu, nje kidogo ya Wete. Karafuu zimeanuliwa magharibi, zimetiwa kwenye mapolo, na mlinzi amelala ukumbini. Saa nane za usiku anasikia kishindo. Anawasha tochi ya simu, anamuona mtu na polo begani, mtu anamsukuma na kutoweka mikarafuuni. Mahakamani mwendesha mashtaka anamuuliza: "Ulimuona?" "Nilimuona vizuri." "Ni nani?" "Ni yule pale." Mwendesha mashtaka anakaa, hakimu anaandika, mtu anatiwa hatiani.

Sasa jaji wa rufaa anausoma ukurasa huo na hakuna kitu ndani yake. Tokea shauri la Waziri Amani la mwaka 1980, Mahakama ya Rufani imeshikilia kwamba utambuzi kwa macho ni ushahidi dhaifu, usitegemewe mpaka kila uwezekano wa kukosea umeondolewa. Yanatakiwa majibu. Taa ilikuwa ya aina gani, na mwanga wake mkali kiasi gani? Walikuwa mbali hatua ngapi? Alimtazama kwa muda gani, usoni au mgongoni? Alikuwa anamjua kabla, na kwa nini? Kulikuwa na kitu kinachoziba? "Kulikuwa na mbalamwezi" haitoshi, lazima aseme ilimulika wapi.

Hata nani alishika tochi ni hoja. Aliyeishika anamuona aliyemulikwa, lakini aliyemulikwa machoni haoni kitu nyuma ya mwanga. Mlinzi wetu ana bahati kwamba tochi ilikuwa mkononi mwake. Angekuwa mwizi ndiye aliyemmulika, maneno ya "nilimuona vizuri" yangekuwa taabani.

Shahidi akisema alimtambua kwa sauti, ajue kuwa ushahidi wa sauti umehesabiwa miongoni mwa ulio dhaifu kabisa. Na kumjua mtu kabla kunasaidia, lakini hakumalizi maneno: watu hukosea hata ndugu zao njiani mchana kweupe.

Kisha linakuja swali ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko taa: alimtaja lini? Sheha alipofika usiku uleule na majirani wamejaa, mlinzi alisema nani? Kumtaja mtu mapema ni dalili kubwa ya ukweli. Kuchelewa kumtaja bila ya maelezo, au kutomtaja kabisa, kunatakiwa kuifanya mahakama isite. Ikiwa sheha alikuja kutoa ushahidi kwamba aliambiwa "wezi wameniingilia, sikuwajua," na jina likapatikana polisi siku ya tatu, rufaa hiyo imeshaelekea upande mmoja.

Gwaride la utambulisho, yaani kuwapanga watu mstari ili shahidi amuoneshe aliyemuona, lina maana pale tu shahidi alipokuwa hamjui mtu kabla. Kumuonesha kidole mshtakiwa kizimbani, akiwa peke yake na askari pembeni, hakuna thamani kubwa.

Mashahidi wamepishana maneno. Kesi si inaanguka?

Si lazima. Watu wawili waliokaa baraza moja hawataeleza jambo moja kwa maneno yaleyale baada ya mwaka na nusu, na wakieleza sawasawa neno kwa neno jaji anaanza kushuku kuwa wamefundishwa. Mmoja akisema kanzu nyeupe na mwengine akasema ya rangi ya maziwa, hiyo ni tofauti ya kawaida.

Tofauti inayoangusha kesi ni inayogusa shina lake: nani alifanya, alifanya nini, kielelezo kilikamatwa wapi. Shahidi mmoja anasema dawa zilitolewa mfukoni mwa mshtakiwa, mwengine anasema ziliokotwa kwenye majani nyuma ya nyumba. Mahakama haina ruhusa ya kuipita tofauti ya namna hiyo kimya kimya. Lazima iitaje, iipime, iseme kwa nini inaiona ndogo au kubwa. Hakimu asipofanya hivyo, rufaa itafanya.

Kesi za udhalilishaji: ni kweli neno la aliyetendewa linatosha?

Ni kweli kwa sehemu. Uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 2006 ulisema kwamba ushahidi wa kweli wa kubakwa hutoka kwa aliyebakwa, na tokea hapo kauli hiyo imetajwa katika kesi nyingi mno, nyengine kivivu. Mahakama hiyohiyo ilirudi baadaye ikafafanua: haikukusudiwa neno hilo lipokewe kama wahyi. Lazima lipite mtihani wa ukweli kama neno la shahidi mwengine yeyote. Kwa hiyo linatosha, kama linaaminika.

Mambo yanayoharibu kesi hizi kwenye rufaa mara nyingi si maneno ya mtoto. Ni kazi ya watu wazima walio karibu naye. Umri hauthibitishwi: imeandikwa kwenye hati ya mashtaka kuwa ana miaka 13, lakini si mzazi, si cheti cha kuzaliwa, si daktari aliyeusema mahakamani. PF3, ile fomu ya polisi anayojaza daktari, inapokewa kama kielelezo na kutiwa kwenye jalada bila ya kusomwa kwa sauti ili mshtakiwa aisikie, basi rufaa inaifuta. Ikifutwa, yanabaki maneno ya daktari ya kizimbani, kama aliitwa. Mwendesha mashtaka aliyeona tabu kumngoja daktari atoke hospitali aliko ndiye aliyeipoteza kesi hiyo.

Na kuna muhali, ile haya ya kumshitaki jamaa au jirani. Kila mtu hapa anaujua, na haumo katika sheria yoyote. Mtuhumiwa ni ami wa mtoto, au mwalimu wake, au jirani aliyewazika wazee wa nyumba ile. Familia zinakaa, wanataka kusameheana, mtoto anapelekwa shamba kwa bibi, mama hafiki mahakamani mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kesi inaondoshwa kwa kukosa mashahidi, kisha mtaani wanasema mahakama imehongwa. Hakuna jaji wa rufaa anayeweza kutia maneno katika mdomo wa shahidi ambaye hakufika.

Muhali huo unapowachelewesha tu na hatimaye wakaripoti, bado kuna njia. Kuchelewa si lazima kuue kesi ikiwa kumeelezwa. Lakini lazima mtu asimame chini ya kiapo aeleze: tulikaa wiki mbili kwa sababu mume wangu alinikataza, au mtoto alitishwa. Wakina mama wengi wanaona haya kulisema hili mbele za watu, na waendesha mashtaka hawawaulizi. Likikosekana kwenye karatasi, jaji atasoma "wiki mbili" na hataona sababu. Anayekwenda kwenye kituo cha mkono kwa mkono (kinachowapokea waliodhalilishwa) siku ileile ameshaondoa nusu ya hoja za utetezi.

Alikiri polisi, kisha akakana mahakamani.

Kukiri kulikokanwa hakutupwi moja kwa moja, lakini hushikwa kwa tahadhari. Mahakama inaangalia kwanza kama alikiri kwa hiari, kisha inatafuta ushahidi mwengine wa kuunga mkono. Inaweza kutia hatiani bila ya huo ikiwa imeridhika kabisa kuwa maneno ni ya kweli, na jambo hilo hufanywa kwa kusita.

Utetezi wake ulikuwa mbovu, hata sisi jamaa zake tuliona. Hiyo haitoshi kumfunga?

Haitoshi. Mtu hutiwa hatiani kwa nguvu ya ushahidi wa mashtaka, siyo kwa udhaifu wa utetezi. Mshtakiwa aliyesema alikuwa Tanga siku ile na akashindwa kuleta tiketi ya boti hajathibitisha kosa kwa niaba ya Serikali. Anachotakiwa ni kutia shaka tu, hana haja ya kujisafisha.

Hukumu isiyougusa kabisa utetezi, hata ukiwa wa mistari mitatu, ina kasoro kubwa. Kwa wazee wanaokumbuka mahakama za wananchi za miaka ya 1970 hili si jambo dogo. Wakili hakuruhusiwa humo kumtetea mtu, hata katika kesi ya uhaini iliyofuata kuuawa kwa Rais Abeid Amani Karume Aprili 1972.

Shahidi anataka kurudi aseme alidanganya.

Aende na wakili, siyo na jamaa wa mfungwa. Mahakama inajua jinsi maneno yanavyobadilika baada ya familia kukutana, na kauli mpya haipewi uzito kwa kuwa ni mpya. Tena kama alidanganya chini ya kiapo, ana kesi yake mwenyewe inayomngoja.

Ameshinda rufaa. Ina maana hakufanya?

Ina maana ushahidi ulioletwa haukutosha kisheria kumtia hatiani. Pengine hakufanya kabisa, pengine kuna mtu hakuulizwa maswali mawili kuhusu taa. Mahakama haikuulizwa zaidi ya hapo, na kisheria aliyeachiwa ni huru kama mimi na wewe. Hili linawachoma walioibiwa na waliotendewa, na sina maneno ya kulilainisha.

Kwa nini wengine huachiwa na wengine kesi yao huanza upya?

Kesi hurejeshwa ikiwa ya kwanza iliharibika kisheria na haki inataka isikilizwe tena. Kanuni ya Afrika Mashariki tokea 1966 ni kwamba hairejeshwi ili kuwapa waendesha mashtaka nafasi ya kuziba mapengo yao. Kama ushahidi wenyewe ulikuwa mchache, mtu anaachiwa.

Aliyeachiwa mahakama ya chini, DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka) anaweza kukata rufaa?

Anaweza, na hufanya hivyo. Aliyeonewa hakati rufaa ya jinai mwenyewe, kwa hiyo mwenye malalamiko aende Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka upesi, akiwa na namba ya kesi.

Tuna muda gani, na tuanze wapi?

Kwenda Mahakama ya Rufani, notisi ya rufaa iwekwe ndani ya siku 30 tangu siku ya uamuzi. Kutoka mahakama za chini kwenda Mahakama Kuu, muulizeni karani siku ileile ya hukumu, kabla hamjatoka uwanjani, maana siku zinahesabiwa kuanzia hapo. Aliye Chuo cha Mafunzo, yaani gerezani, anaweza kuwasilisha notisi yake kupitia mkuu wa chuo. Muda ukipita, yapo maombi ya kuongezewa, lakini mtaulizwa sababu ya kila siku mliyochelewa, na "hatukuwa na pesa za wakili" huwa haipokewi kwa urahisi.

Ombeni nakala ya hukumu na ya mwenendo kwa barua, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Barua hiyo ndiyo itakayowatetea wakati makaratasi yakichelewa kuchapwa.

Asiye na uwezo wa wakili aulize msaada wa kisheria, ambao una sheria yake, Namba 13 ya 2018. Wasaidizi wa sheria wako majimboni, na Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kinafanya kazi hii tokea 1992. Mnapokwenda, chukueni mwenendo mzima wa kesi. Hukumu peke yake haitoshi, kwa sababu inakuonesha hakimu alichokiamini tu, na maneno ya mlinzi wa karafuu kwa sheha yamo kwenye kurasa za mwenendo.